Majibu ya Mama Yanasema "Si Seli Ndogo": Je, Ndiyo Imekuwa Kubwa?

*"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 57, ni mkulima wa viazi na ngano huko Makete. Hajawahi kuvuta sigara hata siku moja. Alianza kukohoa mwaka jana, akaanzishiwa dawa za TB ingawa makohozi hayakuonyesha kitu, akamaliza miezi sita yote na kikohozi kikabaki pale pale, mwili ukazidi kukonda. Tukamleta Mbeya. Picha ya CT imeonyesha uvimbe wa sentimita 4 pembeni mwa pafu la kulia na maji kidogo. Akachomwa sindano, kinyama kikapelekwa maabara. Majibu yanasema ni kansa ya mapafu isiyo ya seli ndogo, aina yake haikubainika, na wanashauri vipimo vya ziada. Mjomba anasema kama si ndogo basi imeshakuwa kubwa, imefika mwisho, tumrudishe nyumbani. Jirani aliyesomea uuguzi anasema ni ya seli kubwa. Shemeji yetu wa Iringa, mvutaji, alikuwa na kansa ya mapafu, akawekewa dripu za kemo na hakumaliza miezi mitano. Tena kuna ndugu yuko Dar anasema kuna vidonge kwa wasiovuta sigara, tuchange tununue. Daktari anataka bloku, yaani kile kinyama kilichogandishwa kwenye nta, ipelekwe Dar, na ikibidi mama achomwe tena, ila tumesikia kuchoma kunasambaza kansa. Tufanyeje?"*

Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Ukiweka hofu pembeni, unauliza mambo matatu: kama ugonjwa umefika mwisho, kama ni ule ule uliomwondoa shemeji, na kama fedha mnazochanga ziende kwenye kipimo kingine au kwenye vidonge. Nitakujibu kama mtu wa maabara, ambaye kazi yake ni kuangalia vinyama hivyo kwenye hadubini. Mpango wa tiba ni wa daktari anayemwona mama ana kwa ana. Ila moja nalisema tangu sasa: karatasi mliyonayo ni jibu lililofika nusu. Limalizeni kwanza, ndipo mfikirie kununua dawa.

Tuanze na mjomba. Majina haya ya "seli ndogo" na "isiyo ya seli ndogo" yanaeleza namna seli za kansa zinavyoonekana kwenye hadubini, basi. Hayasemi lolote kuhusu ukubwa wa uvimbe wala umefika wapi. Uvimbe wa sentimita moja na nusu unaweza kuwa wa seli ndogo na tayari umeshafika kwenye ubongo. Uvimbe wa sentimita sita usio wa seli ndogo unaweza kuwa bado umetulia ndani ya pafu, daktari wa upasuaji akautoa wote. Hatua ya ugonjwa, ile inayohesabiwa ya kwanza mpaka ya nne, ni swali jingine kabisa. Hilo linajibiwa kwa CT ya kifua na tumbo, pengine na ya kichwa, na kwa kupima yale maji. Mjomba ni mtu mzima na anajaribu kuwaepusha na gharama zisizo na faida, kwa hiyo msibishane naye nyumbani. Mwombeni aje nanyi siku ya kliniki, amuulize daktari mwenyewe: ni aina gani, na iko hatua ya ngapi? Akisikia kwamba maswali hayo mawili yana majibu mawili tofauti, atatulia kuliko akisikia kwako.

Sasa shemeji. Kansa ya seli ndogo ni kama 10 hadi 15 katika kila kansa 100 za mapafu, na kwenye hadubini hujitambulisha haraka. Seli zimebanana, kila moja karibu yote ni kiini cheusi, viini vinabonyezana, na vingi vimepondeka kwa kuguswa tu na sindano. Ina tabia za seli zinazotoa homoni, ndiyo maana kwa baadhi ya wagonjwa chumvi ya damu hushuka mpaka mtu anaanza kuchanganyikiwa kabla hata hajakohoa sana. Karibu wote ni wavutaji au waliowahi kuvuta. Hukimbia mno: wagonjwa wapatao wawili kati ya watatu hugundulika ikiwa imeshavuka upande mmoja wa kifua, kwa hiyo kisu hutumika kwa wachache sana. Kemo huipiga vizuri mwanzoni, uvimbe unanywea ndani ya wiki chache, familia inashangilia, halafu unarudi. Kwa maelezo yako shemeji anafanana na hao, ingawa mvutaji anaweza kupata aina nyingine pia. Karatasi yake ya maabara, kama bado ipo Iringa, ndiyo inayojua. Wala msiseme kemo ndiyo iliyomwua. Kansa ya seli ndogo ikiachwa bila tiba, kwa kawaida humaliza mtu mapema zaidi ya hapo. La kushika ni kwamba majibu ya mama yanasema yeye hayuko upande huo, na miezi mitano ya shemeji haimhesabii mama siku zake.

Upande aliko mama ndiko waliko wagonjwa wengi, takriban 85 katika kila 100, na ni ukoo wenye watoto wasiofanana. Wakubwa ni wawili.

Wa kwanza ni kansa ya seli bapa, ambayo hospitalini mtasikia ikiitwa skwamasi. Njia kubwa za hewa kwa kawaida zimetandikwa seli ndefu zenye vinyweleo vinavyosukuma makohozi juu. Moshi ukizibabua miaka na miaka, mwili hujihami kwa kuzibadilisha kuwa seli bapa, ngumu, za aina ya zile za ngozi. Zinavumilia moshi, lakini hazina vinyweleo, na baadhi yake mwishowe huharibika zikawa kansa. Kwa sababu inaanzia kwenye njia kubwa, hukaa katikati ya kifua, huziba hewa na kumfanya mtu akohoe damu mapema. Ikikua, sehemu ya katikati inaweza kufa na kubaki tundu, na tundu hilo kwenye ekisirei hufanana na la TB kiasi cha kumdanganya hata mzoefu.

Wa pili ni adenokasinoma. Hii mara nyingi huanzia pembeni, kwenye vijia vidogo na vifuko vya hewa, na seli zake hujaribu kujenga vitezi na kutoa ute. Duniani sasa ndiyo inayoongoza kati ya kansa zote za mapafu, na kwa wanawake na watu wasiovuta sigara ndiyo inayoonekana zaidi. Hupenda kufika kwenye utando wa pafu na kuleta maji. Mwanamke, hajavuta, uvimbe uko pembeni, kuna maji: nikilazimishwa kubashiri, ningesema mama ana adenokasinoma. Lakini hakuna mtu anayepaswa kutibiwa kwa ubashiri wangu.

Najua mtauliza, kama hakuvuta, imetoka wapi? Wakati mwingine hakuna jibu. Ila mtu aliyelelewa Makete anajua baridi ya kule, na anajua moto wa kuni unavyokaa ndani asubuhi na jioni, mama na watoto wakiwa wameuzunguka. Katika chapisho lake la mwaka 2010, IARC, ambalo ni tawi la WHO la utafiti wa saratani, liliuweka moshi wa kuni za nyumbani kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, na moshi wa makaa ya mawe ya nyumbani kwenye kundi la vilivyothibitika. Moshi wa sigara ya mtu mwingine nao umethibitika. Hata kovu la TB ya zamani huongeza hatari kidogo, na VVU pia huongeza. Kama mama hajapima VVU hivi karibuni, apime. Njombe, Iringa na Mbeya si mikoa ya kuliacha swali hilo, na jibu lake litamsaidia daktari kupanga dawa. Kuhusu zile dawa za TB, msimlaumu aliyeanzisha. TB ipo nyingi, na kuanza tiba kwa dalili na picha wakati makohozi hayajaonyesha kitu ni utaratibu unaokubalika. Ila wengine mnaosoma hapa, mgonjwa wenu akimaliza miezi miwili ya dawa na kikohozi hakijapungua wala uzito haujapanda, rudini mkaombe apigwe picha upya.

Jirani yenu muuguzi naye nimjibu kwa ufupi. Kansa ya seli kubwa ipo kweli, lakini kwa mfumo wa WHO wa mwaka 2015, na ule uliofuata wa 2021, jina hilo hutolewa pale tu uvimbe mzima umekatwa na kuchunguzwa, na ikaonekana hauna dalili ya vitezi wala ya seli bapa hata kwa rangi maalumu. Kinyama cha sindano hakiwezi kupewa jina hilo. Kwa hiyo "isiyo ya seli ndogo" haina maana ya "seli kubwa".

Kwa nini basi maabara haikubainisha? Hebu fikiria kilichofika mezani. Sindano ya kifua hutoa uzi wa nyama mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, tena mara nyingi umekatika vipande. Sehemu yake ni damu, sehemu ni kovu, sehemu ni kansa iliyokwisha kufa. Uzi huo hulowekwa kwenye formalini, ukagandishwa ndani ya nta (hiyo ndiyo bloku), ukachanwa vipande vya unene wa elfu chache tu za milimita na kupakwa rangi ya kawaida ya zambarau na waridi. Nikiona vitezi au ute, nasema adenokasinoma. Nikiona seli zinazotengeneza maganda kama ya ngozi, nasema skwamasi. Nisipoona kimojawapo, kilichobaki ni rangi maalumu zinazoshika protini fulani ndani ya seli. Mbili tu, TTF-1 na p40, humaliza kesi nyingi: ya kwanza ikiwaka ni adenokasinoma, ya pili ikiwaka ni skwamasi. Si kila maabara inazo wakati wote. Aliyeandika kwamba aina haikubainika na akashauri vipimo zaidi amewatendea haki. Mwogopeni zaidi yule ambaye angekisia.

Kuna jambo ambalo halipo kwenye barua yako na ningependa daktari alitazame: je, uvimbe huu umeanzia kwenye pafu kweli? Mapafu hupokea kansa kutoka sehemu nyingine. Hapa Tanzania saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowasumbua wanawake zaidi, na ikihamia mapafuni inaweza kuonekana kama skwamasi tupu, hata p40 ikawaka. Ya titi nayo inaweza kufanana na adenokasinoma. Uvimbe mmoja pembeni hunielekeza kwenye pafu lenyewe, lakini kumpima mama matiti na mlango wa kizazi ni kazi ya dakika chache na haigharimu sana. Na kama aliwahi kutolewa uvimbe wowote zamani, hata miaka kumi iliyopita, mwambieni daktari, naye aandike kwenye fomu ya maabara. Mara nyingi fomu hutufikia ina maneno mawili tu: "uvimbe pafu".

Sasa vidonge. Ndugu yenu wa Dar hajadanganya, ila ameruka hatua. Baadhi ya adenokasinoma huendeshwa na badiliko kwenye kinasaba kinachoitwa EGFR, na kuna vidonge vinavyolizima, kama gefitinib na erlotinib. Erlotinib imo kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu 2019. Lakini soma matokeo ya utafiti wa IPASS, uliofanyika Asia ya Mashariki na kuchapishwa mwaka 2009. Wagonjwa wote walikuwa na adenokasinoma, na wote walikuwa hawajavuta kabisa au walivuta kidogo na kuacha, yaani watu wa namna ya mama yako. Waliopewa gefitinib wakiwa na badiliko la EGFR, uvimbe ulinywea kwa watu 71 kati ya 100. Waliopewa wakiwa hawana badiliko hilo, ulinywea kwa mtu mmoja kati ya 100, na wenzao waliopewa kemo walifanya vizuri kuliko wao. Kutovuta sigara hakukutosha kuchagua dawa. Mkinunua vidonge kwa kubahatisha, mnaweza kumpotezea mama miezi ambayo dripu za kemo zingemsaidia. Na hata kwa mwenye badiliko, vidonge haviponyi. Huzuia kwa miezi tisa, mwaka, wakati mwingine zaidi kwa dawa mpya, kisha kansa hupata njia nyingine. Ni muda mzuri, mtu analima na kupika, lakini ni muda wenye mwisho, na ni vyema mchange mkilijua hilo.

Hata dripu huchaguliwa kwa aina. Pemetrexed husaidia adenokasinoma, kwa skwamasi ni dhaifu. Bevacizumab kwa mwenye skwamasi inaweza kuleta damu ya kutisha kifuani. Carboplatin pamoja na paclitaxel zinafaa kwa zote mbili, na hapo ndipo pa kukimbilia kama haiwezekani kusubiri.

Kuchomwa tena: kansa kusambaa kupitia tundu la sindano kumeripotiwa, lakini ni nadra sana, chini kabisa ya mmoja kati ya mia. Hatari halisi ni hewa kuvuja nje ya pafu. Hutokea kwa takriban mmoja kati ya wanne au watano, wengi wao hupona wakiangaliwa tu wodini, wachache huwekewa mrija. Kukohoa damu kidogo siku hiyo ni kawaida. Hata hivyo, mimi nisingeanza na sindano. Ningeanza na vitu viwili vilivyopo.

Cha kwanza ni bloku. Iombeni kwa barua ya daktari, pamoja na vioo vyake na nakala ya majibu. Barua iseme wazi: TTF-1 na p40 kwanza, nyama inayobaki itunzwe kwa EGFR. Hilo la kutunza ni muhimu, kwa sababu maabara ikijaribu rangi kumi kwa kutaka kujua kila kitu, nyama inaisha na mama anarudi kwenye sindano. Bloku haihitaji barafu wala jokofu. Adui yake ni joto, maana nta hiyo huyeyuka kwenye nyuzi zinazokaribia 60, kwa hiyo mkiituma kwa basi isiwekwe juu ya boneti karibu na dereva wala kwenye dashibodi juani. Akae nayo mtu anayesafiri, kwenye mkoba wake. Kipimo cha EGFR hufanyika kwenye maabara chache, ulizeni bei na muda kabla ya kutuma.

Cha pili ni yale maji. Yakitolewa, yasipelekwe ya kichupa kidogo tu. Mililita 50 au zaidi hutupa nafasi ya kuzikusanya seli na kuzigandisha kwenye nta kama kinyama. Yanaweza kutupa aina, yakatupa EGFR, na yakatuambia hatua. Hapa niwe mkweli kwako: seli za kansa zikipatikana kwenye maji hayo, ni hatua ya nne, na lengo la tiba linakuwa kumwongezea mama muda na kumpunguzia mateso, si kumponya. Zisipopatikana, na CT isipoonyesha kingine, upasuaji bado ni mazungumzo yanayostahili kufanyika, na mionzi ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, nayo iko mezani. Maji peke yake si hukumu, hata TB huleta maji.

Kusubiri majibu wiki mbili au tatu kunakubalika ikiwa mama anaamka, anaoga mwenyewe na anakula. Akianza kushinda kitandani, mwambieni daktari kabla ya siku ya kliniki. Anaweza kutoa maji ili apumue, na kuanza kemo isiyotegemea aina. Mama akisema mwenyewe kwamba hataki dripu, naye asikilizwe. Ni kifua chake. Lakini kurudi Makete kusiwe kurudi bila kitu. Ombeni tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso, ikiwemo mofini ya maji kwa maumivu na kukosa pumzi. Haileti kifo mapema ikitolewa kwa kipimo, na kumnyima kwa kuogopa jina lake ni kumtesa bure. Dawa za majani, kama zinaingia nyumbani, zitajeni kwa daktari bila aibu, maana nyingine hupigana na kemo kwenye ini.

Kuna dalili ambazo hazingoji tarehe ya kliniki: kukohoa damu ya kujaza kikombe, kushindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, uso na shingo kuvimba ghafla, miguu kulegea au mkojo kugoma, degedege, kichwa kuuma sana na kutapika, au kuongea yasiyoeleweka. Ikitokea mkiwa kijijini, msifunge safari ya moja kwa moja kuja Mbeya. Mpelekeni hospitali iliyo karibu, awekewe oksijeni na apewe huduma ya kwanza, kisha wao wapige simu na kumhamisha akiwa na karatasi zake zote.